Kuosha Nywele Mara Chache na Kutunza Ngozi ya Utu Uzima: Mwongozo Kamili kwa Watu wa Lamu

Mwanamke akishavuka miaka hamsini, hapa kwetu Lamu, malalamiko yake huja mawili kwa pamoja. Nywele zimekauka na zinakatika kila zikiguswa na kitana, na ngozi ya miguu na mikono inamuwasha akitoka kuoga. Wengi hulitibu jambo hili kwa kuzidisha kilekile kinacholileta: sabuni kali zaidi, shampuu yenye povu jingi zaidi, kichwa kuoshwa kila baada ya siku moja kwa sababu joto ni kali na chini ya buibui jasho halikatiki. Mimi ni msusi. Nimeshika vichwa vya wanawali na vya mabibi, Mkomani na Langoni, na ninaloomba mnisikilize ni hili: kichwa cha utu uzima chataka kuoshwa mara chache, lakini kioshwe sawasawa. Ngozi nayo ni vivyo hivyo.

Wanaume nimewawekea sehemu yao huko mbele, ingawa mengi ya hapa yanawahusu pia.

Kilichobadilika mwilini

Kila unywele una tezi ndogo ya mafuta ubavuni mwake, chini ya ngozi. Tezi hizi zinaendeshwa na homoni. Hedhi ya mwanamke ikishakatika, homoni zinashuka na mafuta yanashuka nazo. Kwa mwanamume hupungua kwa kuchelewa sana, ndiyo maana mzee wa miaka 65 bado ana kipaji cha uso kinachong'aa huku mkewe analalamikia ukavu. Mvi nazo zina habari yake. Rangi ya nywele hutengenezwa na chembe zilizoko kwenye shina. Chembe zikiisha, unywele unaota bila rangi, na mara nyingi mkononi unashikika mgumu na mkavu kuliko wenzake weusi wa kichwa hichohicho.

Halafu kuna umbo la nywele. Nywele za singa mafuta huteremka upesi kutoka kwenye shina hadi ncha, kwa hiyo huonekana chafu mapema. Nywele za kipilipili mafuta hukwama kwenye mizunguko, na ncha hubaki kavu hata mtu akiwa kijana. Ukichanganya kipilipili na umri, kisha ukaosha kila siku, unaondoa kidogo ambacho hakitarudi mpaka wiki ipite.

Ngozi ya mwili inapungukiwa na mafuta yaleyale yanayozuia maji yasitoke, tena inapungukiwa na kolajeni, protini inayoishikilia. Katika miaka 5 ya mwanzo baada ya hedhi kukoma, mwanamke hupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi. Ndipo mtu anapogusa ukuta wa kichochoro kidogo tu na kuchunika.

Kuna maneno yanayosemwa sana, kwamba ukipunguza kuosha, kichwa "kinajifunza" kutoa mafuta machache. Si kweli. Tezi haijui umeosha lini. Inasikiliza homoni, siyo ndoo. Kinachozoea ni jicho lako na mkono wako. Ninasema hivi ili usivumilie muwasho na uchafu kwa wiki kadhaa ukingoja muujiza. Kwa mtu mzima mafuta yamekwisha kupungua yenyewe, na hiyo peke yake ndiyo sababu ya kuosha mara chache.

Hatua ya kwanza: panga siku zako

Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani huwashauri wenye nywele za asili ya Kiafrika waoshe mara moja kwa wiki au mara moja kwa wiki mbili. Kwa vichwa ninavyovishughulikia hapa, ushauri huo unafaa. Mwenye kipilipili na mvi nyingi, siku 10 hadi 14. Mwenye nywele za mawimbi, kila wiki. Mwenye singa na mafuta ya wazi, mara mbili kwa wiki mwanzoni, kisha mara moja kama kichwa kinaridhia.

Usiruke kutoka kila siku hadi wiki mbili kwa mkupuo. Ongeza siku moja au mbili kila mara, ukae hapo wiki mbili tatu, ndipo uongeze tena. Kipimo ni vidole, siyo kalenda: tia ncha za vidole kwenye utosi, sugua kidogo, nusa. Kukiwa na harufu ya uvundo, magamba, au muwasho unaokuamsha usiku, osha leo hata kama siku haijafika. Siku ya kawaida iwe ile inayokuacha na asubuhi nzima ya kukausha. Wengi wetu huchagua Alhamisi, ili Ijumaa ikute kichwa safi na kikavu.

Hatua ya pili: yajue maji yako

Hili watu wanalipita, nami naona ndilo lililoharibu nywele nyingi za Lamu kuliko shampuu yoyote. Maji matamu ya mji wetu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Visima vingi vya mjini vimeingiwa na chumvi, na kwa kuwa ardhi yetu ni matumbawe na chokaa, maji ya visima hubeba kalisi na magnesi. Madini haya yakikutana na sabuni ya kipande hufanya utando mweupe usioyeyuka, ule unaoganda kwenye ndoo. Unaganda kwenye nywele pia. Mtu anauona, anadhani ni uchafu, anaongeza sabuni, na utando unaongezeka.

Pima nyumbani. Chukua chupa ya kioo, tia maji yako nusu, tia vipande vidogo vya sabuni ya kipande ya kawaida, tikisa kwa nguvu. Povu likisimama na maji chini yakabaki meupe ya kupenya, maji ni mazuri. Maji yakivurugika kama tui na povu likawa haba, usiyatumie pamoja na sabuni ya kipande kichwani. Tumia shampuu, ambayo haifanyi utando huo, na maji ya mwisho ya kusuuza yawe ya mvua.

Maji ya mvua ni hazina. Kule Pate na Ndau watu wanayajua thamani yake, majabia yao, yale mabirika ya kukingia mvua, ndiyo maisha yao. Msimu wa masika, kinga madumu mawili matatu uyaweke mahali penye kivuli, yamefunikwa. Mvua ya kwanza iache ipite, maana imeosha vumbi na mavi ya ndege kwenye paa. Lita 3 zinatosha kusuuza kichwa kimoja kwa kata.

Kama huna maji ya mvua, tia kijiko kikubwa kimoja cha siki kwenye lita moja ya maji na uyamwagie mwisho, dakika moja, kisha suuza kwa maji matupu. Uchachu wa siki unaondoa utando. Usitie ndimu badala yake. Maji ya ndimu yakibaki kwenye kipaji au shingoni na jua likapiga, ngozi inaungua na kuacha baka jeusi la wiki nyingi. Na magadi usiyaweke kichwani kabisa, hata ukiambiwa ndiyo usafi wa asili: yanafungua magamba ya unywele na kuukausha hadi ncha.

Hatua ya tatu: siku ya kuosha

Anza usiku wa kuamkia siku hiyo, au angalau nusu saa kabla. Paka mafuta ya nazi kwenye nywele, kutoka katikati hadi ncha, siyo kwenye ngozi ya kichwa. Nazi nimeichagua kwa sababu. Asidi ya lauriki iliyomo ni ndogo na imenyooka kiasi cha kupenya ndani ya unywele, kwa hiyo unapoosha, unywele haufyonzi maji mengi ukavimba na haupotezi protini nyingi. Mafuta ya uto ya simsim ni mazuri kwa kulainisha juu juu na kwa kusuka, lakini kwa kazi hii ya kabla ya kuosha, nazi ndiyo mwenyewe. Ukipika mafuta yako nyumbani, hakikisha tui limekauka kabisa na uyachuje kwa kitambaa safi. Mafuta yaliyobaki na maji huvunda, na mafuta yaliyovunda huwasha. Yatie kwenye chupa ya kioo, yakae mbali na jua.

Asubuhi gawa nywele mafungu manne, kila fungu lifunge peke yake. Tatua mafundo kwa vidole kwanza, kisha kitana cha meno mapana, ukianzia ncha na kupanda. Mwenye mvi asichane nywele zikiwa kavu bila mafuta. Hapo ndipo zinapokatika.

Shampuu usiimimine kichwani moja kwa moja. Tia kijiko kimoja au viwili kwenye kopo la maji ya vuguvugu, koroga, kisha mimina kwenye mistari iliyogawanya yale mafungu. Sugua ngozi kwa nyama ya vidole, siyo kwa kucha, polepole, mpaka kisogoni na nyuma ya masikio, ambako wengi hawafiki. Urefu wa nywele usiusugue wala usiurundike juu ya utosi. Povu linaloteremka wakati wa kusuuza linatosha kuusafisha. Mkono mmoja wa shampuu unatosha kama unaosha kila wiki; mara mbili ni kwa aliyekaa wiki mbili au aliyepaka mafuta mazito.

Suuza mpaka vidole vikitelezeshwa kichwani vitoe mlio. Tia kondishena kwenye urefu na ncha, dakika tatu hadi tano, chana nayo ikiwamo, suuza. Kwa mvi kondishena si anasa. Asiye na uwezo nayo atumie tui zito la nazi lililochujwa mara mbili kwa kifumbu, robo saa, kisha asuuze vizuri sana, maana chicha ikibaki itawasha na kunuka.

Usisugue kwa taulo. Funga kwa leso kuukuu ya pamba, inywe maji, kisha fumua na uketi kivulini penye upepo: ukumbini, au juu ya dari wakati wa kaskazi. Tia matone machache ya mafuta kwenye ncha zikiwa bado zina unyevu.

Na hapa naomba usinikubalie kwa mdomo tu. Usivae mtandio wala buibui juu ya kichwa kibichi. Joto na unyevu uliofungiwa kutwa nzima ndio unaoleta harufu na fangasi, na watu husingizia kuosha mara chache. Kama lazima utoke, osha siku nyingine.

Katikati ya wiki

Jasho si mafuta. Jasho ni maji na chumvi, na maji matupu yanaliondoa. Ukitoka jikoni au safarini umelowa, lowesha kitambaa safi, kikamue, pitisha kwenye mistari ya kichwa na pembeni mwa uso, acha kikauke. Ukitoka baharini, mwagia kata kadhaa za maji matamu. Chumvi ikikaukia kwenye nywele huzikausha.

Wengi huniuliza kuhusu josho, kukoga kwa tohara ya dini. Josho la wajibu lataka maji yafike kwenye ngozi ya kichwa na kwenye nywele. Halitaki sabuni wala shampuu. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, nywele zilizosukwa hazilazimu kufumuliwa maadamu maji yameingia ndani. Kwa hiyo mtu anaweza kukoga josho mara nyingi kwa wiki na bado shampuu ikawa mara moja tu. Lililo muhimu ni kutopaka vitu vinavyoganda kama nta. Mwenye shaka na hali yake amuulize mwalimu wake.

Kofia ya ndani ya mtandio iwe ya pamba, isibane, na ibadilishwe kila siku. Hiyo ndiyo inayobeba jasho la jana kulirudisha kichwani leo. Usiku funga kitambaa cha satini, au utandike foronya ya satini. Pamba, ifaayo mchana kwa kunywa jasho, usiku inakwaruza nywele kavu na kunywa mafuta yake.

Udi. Najua ninagusa kitu cha heshima. Moshi wa udi, kama moshi wa kuni na wa sigara, huacha mabaki, na juu ya mvi mabaki hayo hugeuka manjano. Fukiza nguo na mtandio, uvijaze harufu, kisha uvae. Nywele zitapata harufu yake bila moshi kuzipiga. Asumini na kikuba havina ubaya wowote kwa mvi.

Pale ambapo kuosha mara chache ni kosa

Mwenye mba hahesabiwi katika mpango huu. Mba wa kweli, wenye magamba ya manjano yenye mafuta na ngozi iliyoiva nyusini na pembeni mwa pua, unatokana na fangasi anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu na kula mafuta yake. Ukipunguza kuosha, unamwandalia. Ukimpaka mafuta ya nazi kwenye ngozi ya kichwa, unamlisha. Nunua duka la dawa shampuu yenye ketokonazoli asilimia 2, ipake kwenye ngozi, iache dakika tano, suuza. Mara mbili kwa wiki, kwa wiki mbili hadi nne. Ukipona, rudi kwenye ratiba yako na uitumie mara moja kila wiki moja au mbili kuzuia usirudi. Magamba madogo meupe makavu yasiyo na mafuta, hayo mara nyingi ni ukavu au mabaki ya sabuni, na dawa yake ni zile hatua za juu.

Mvi, hina na piko

Mvi zikiachwa kama zilivyo ni nzuri na ni nyepesi kutunza. Anayetaka rangi, hina safi ndiyo ninayoipendekeza kwa moyo wote. Rangi yake inashika kwenye protini ya unywele yenyewe, haiuvunji. Kwenye mvi itatoka nyekundu ya machungwa. Hina safi ni unga wa kijani wenye harufu ya majani makavu, na kamwe haitoi weusi. Koroga na maji ya vuguvugu, iache mpaka itoe rangi, paka, funika, saa mbili hadi nne, suuza mpaka maji yatoke meupe. Hina inakausha, kwa hiyo kondishena na mafuta ya ncha siku hiyo ni lazima. Baada ya mara ya kwanza paka mashina yaliyoota tu, si zaidi ya mara moja kwa mwezi. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, hakuna haja ya zaidi.

Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea ngozi, ni habari nyingine. Weusi wake unatokana na kemikali iitwayo kwa kifupi PPD, ileile ya rangi nyeusi za nywele, lakini kwenye piko la kuchora hakuna anayepima kiasi. Ngozi ikishaikataa mara moja, itaikataa maisha. Nimeona mikono ya maharusi iliyotoka malengelenge ikabaki na makovu ya michoro ileile. Aliyewahi kuchomwa na piko akija miaka baadaye kupaka rangi nyeusi ya mvi, uso unaweza kuvimba mpaka macho yafunge. Kwa hiyo kabla ya rangi yoyote nyeusi, tia tone nyuma ya sikio au kwenye kunjo la kiwiko, subiri saa 48. Ikiwasha au kuiva, acha, na umwambie kila msusi wako.

Na mabibi wanaopenda kumtia mjukuu hina angali mchanga: msifanye. Watoto wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali inayopatikana sana kwenye maeneo ya malaria kama pwani yetu, damu yao inaweza kuharibika kwa hina.

Nywele zinazopungua

Kudondoka nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Unayeosha mara moja kwa wiki utaziona zote siku ile kwa pamoja, usishtuke. Cha kuangalia ni mahali. Zikipungua pembeni mwa uso na kwenye komwe, sababu mara nyingi ni kuvuta: mashungi ya kubana, nywele za bandia nzito, au ile kofia ya ndani. Legeza sasa, maana shimo likishakuwa kovu nywele hazioti tena. Zikipungua katikati ya utosi na kusambaa, pamoja na kuuma au kuchoma, nenda kwa daktari wa ngozi mapema. Kuna ugonjwa unaowapata hasa wanawake wa asili ya Kiafrika unaoanzia hapo na kuacha kovu, na dawa husaidia ukiwahiwa. Mstari wa kichwa ukipanuka polepole baada ya hedhi kukoma, hapo dawa ya kupaka iitwayo minoksidili inaweza kusaidia. Daktari pia atapima damu kuona madini ya chuma na tezi ya shingo.

Ngozi: koga kama kawaida, sabuni punguza

Hakuna atakayemwambia mtu wa Lamu akoge mara moja kwa siku katika joto la Februari. Koga mara mbili, mara tatu ukipenda. Lakini sabuni iwe mara moja, tena kwapani, sehemu za siri kwa nje, na miguuni. Mikono, miguu ya juu, tumbo na mgongo havina uchafu ambao maji hayauondoi. Ngozi ina uchachu mdogo, pH karibu 5 (namba ikipanda, uchachu hupungua), na sabuni nyingi za kipande ni 9 hadi 10. Kijana anarejesha uchachu wake upesi. Mtu wa miaka sitini anachelewa, na muda huo ndio anaojikuna. Dodoki liwe laini, mara moja au mbili kwa wiki.

Ukitoka kukoga, jifute kwa kugusagusa, na ndani ya dakika tatu, ngozi ingali na unyevu, paka mafuta. Mafuta hayatii maji kwenye ngozi, yanayafungia yaliyopo. Ukisubiri ikauke, umefungia ukavu. Mafuta ya nazi yanatosha kwa wengi. Mafuta ya mgando ndiyo yanayofungia kuliko yote na bei yake ni ndogo. Paka usiku, kwenye miundi, viwiko na nyayo. Glisirini iliyochanganywa na maji inafaa sana hewa yetu yenye unyevu.

Udhu mara tano kwa siku unaosha mikono, uso na miguu bila sabuni, na hilo ni jema. Kausha katikati ya vidole vya miguu kila mara, maana hapo ndipo panapooza. Mwenye kisukari asipake mafuta katikati ya vidole, na aziangalie nyayo zake kila usiku, au amwombe mtoto amwangalizie. Nyayo zilizopasuka: loweka dakika kumi, sugua kwa jiwe taratibu, paka krimu yenye urea, vaa soksi za pamba ulale. Mwenye kisukari asisugue mwenyewe.

Liwa lina nafasi yake bado. Mti huu wa kunukia, ukisagwa kwenye msio, jiwe la kusagia, na marashi ya mawaridi, unapoza harara na kuituliza ngozi. Ila kwa ngozi kavu liwa lisiachwe likauke mpaka lipasuke. Lioshe lingali na unyevu, kisha paka mafuta.

Jua

Tuko nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta. Mwezi wa Machi na wa Septemba jua linapita utosini kabisa. Weusi wa ngozi unatukinga kuungua, lakini hauzuii mabaka ya mashavuni wala mikunjo. Vichochoro vya mji wetu vina kivuli karibu kutwa. Jua linampata mtu ufuoni, kwenye mashua ya kwenda Manda, na kwenye mwendo wa kilomita 3 wa Shela, ambapo mchanga na povu la maji hurudisha miale usoni kutoka chini. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni beba mwavuli. Anayefunika uso bado macho, viganja na nyayo viko nje.

Krimu ya jua iwe SPF (kiwango cha kinga) 30 au zaidi, urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo, irudiwe kila saa mbili ukiwa nje. Zile zinazotuacha weupe kama tumepaka chokaa, badilisha kwa zenye rangi ya kahawia: rangi hiyo ni oksaidi ya chuma, nayo inazuia hata mwanga wa kawaida unaozidisha mabaka kwenye ngozi nyeusi.

Mabaka hayatibiwi kwa mkorogo. Krimu za kung'arisha zenye zebaki huharibu figo. Zenye steroidi kali huichuna ngozi iwe nyembamba kama karatasi, na ya mtu mzima imekwisha kuwa nyembamba. Haidrokwinoni inaweza kuacha weusi wa buluu usiofutika. Ikiwa kopo halina orodha ya vilivyomo, usilipake.

Wanaume

Mwenye upara au anayenyoa aoshe kichwa kwa maji kila siku, na sabuni laini mara mbili tatu kwa wiki, kisha apake mafuta kidogo na krimu ya jua. Kofia, hasa za vito zinazokaa kichwani kutwa, zioshwe kila wiki na ziwe mbili za kupokezana. Wavuvi na manahodha wasiisahau midomo na ncha za masikio. Vipele vya kinyozi kisogoni vinavyogeuka vinundu vigumu havitaki kunyolewa chini zaidi. Acha nywele ziote milimita chache, na umwone daktari.

Lini uende hospitali

Nenda ukiona kidonda kisichopona kwa mwezi, baka au mstari mweusi unaopanuka kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha (kwetu watu weusi saratani ya rangi ya ngozi hupenda kuanzia hapo), muwasho wa mwili mzima bila vipele, au nywele zinazotoka kwa mafungu. Anzia hospitali ya King Fahd, hapa Lamu, na uombe rufaa kwa daktari wa ngozi. Chukua chupa na makopo ya kila unachopaka, hata yale unayoona haya kuyaonyesha, pamoja na dawa zote unazokunywa, na uende na kichwa kisichopakwa mafuta siku hiyo, nywele zimefumuliwa, ili aione ngozi yenyewe.